Kikombe Kilekile, Soda Nyingine: Uchambuzi wa Kisa cha Sabuni ya Maji Iliyobabua Mikono

Kisa hiki ni cha kikundi cha wanawake tisa wanaotengeneza sabuni ya maji katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Mimi ni mwalimu wa kemia na jirani wa mmoja wao. Niliitwa mambo yakiwa yameshaharibika, na ushauri wangu wa kwanza ulikuwa wa makosa, kama nitakavyoeleza. Jina la kikundi, la mtaa, la muuzaji na la wateja nimeyaondoa. Ninakiandika kwa ajili ya vikundi vingine vinavyopika sabuni kwenye ndoo, na kwa walimu wenzangu tunaofundisha mada ya asidi na besi kwa kuchora bika ubaoni ilhali mada yenyewe inachemka uani kwa jirani.

Usuli

Kikundi kilianza baada ya mafunzo ya siku mbili. Waliondoka na daftari lenye kanuni ya lita 20: salfoniki kilo 1, slesi (kiongeza povu) nusu kilo, soda ashi kikombe 1, chumvi, glisirini, rangi, manukato na maji. Kikombe chenyewe ni cha plastiki, cha chai, na walikitunza kwenye ndoo ya vifaa kama mtu anavyotunza muhuri. Kwa zaidi ya mwaka mmoja kanuni hiyo haikuwaangusha. Walikuwa wakiuza kwa mama lishe, saluni mbili na nyumba za jirani, kwenye chupa za maji za lita moja na nusu zilizotumika.

Salfoniki ni uji mzito wa rangi ya kahawia, unaofanana na asali iliyoungua. Ni asidi kali. Soda ashi ni unga mweupe, sodiamu kaboneti, nayo ni besi, yaani kinyume cha asidi. Kazi yote ya mpishi wa sabuni ya maji ni kuzikutanisha hizi mbili hadi zimalizane. Asidi inaachia haidrojeni yake, kaboneti inavunjika na kutoa hewa ya kaboni dayoksaidi, ndiyo yale mapovu yanayopanda ndooni, na kinachobaki ni chumvi ya sodiamu ya ile asidi. Hiyo chumvi ndiyo inayong'oa mafuta kwenye sahani. Asidi na soda zilizoingia zinatakiwa ziwe zimeisha, na mahali pake pawe na kitu cha tatu. Ikibaki asidi, sabuni ni kali upande mmoja. Ikibaki soda, ni kali upande mwingine.

Wanakikundi walijua kuiogopa salfoniki. Soda ashi hawakuiogopa hata kidogo, na nawaelewa. Ni ndugu wa magadi, na magadi wameyajua tangu utotoni kwenye makande, mlenda na maharage magumu. Magadi ya asili, kama yale ya Ziwa Magadi nchini Kenya, ni sodiamu kaboneti na sodiamu bikaboneti zilizoshikana na maji. Yakichomwa, inapatikana soda ashi. Mtu aliyekula magadi maisha yake yote ataogopaje unga wake? Imani hii, kwamba asidi huunguza na magadi husafisha, ndiyo iliyotuchelewesha sote, mimi nikiwemo.

Mfuatano wa matukio

Mfuko wa soda ulipokaribia kuisha, mweka hazina alinunua mwingine kwa muuzaji yuleyule. Soda mpya ilikuwa na punje kubwa kidogo, ngumu, zinazofanana na sukari, wakati ile ya zamani ilikuwa laini kama unga wa muhogo. Aliona tofauti hiyo, akauliza, akajibiwa kwamba ni soda ashi ileile. Jibu hilo lilikuwa kweli.

Wakapika mara nne kwa mfuko mpya, lita 20 kila pishi. Utaratibu wao ni kuloweka soda usiku, kisha asubuhi kuimimina kidogo kidogo kwenye salfoniki iliyotiwa maji, huku mmoja akikoroga kwa mwiko. Siku zote mapovu huendelea hadi maji ya soda yanapokaribia kwisha. Safari hii yalikatika katikati. Nusu ya pili ya maji ya soda iliingia kimya. Msichana aliyekuwa anakoroga alisema kwa sauti, "Leo mbona haichemki?" Wenzake wakafurahi kwamba leo hakuna kumwagika.

Wiki ya kwanza sifa zilikuja. Sabuni inateleza mkononi, inakata mafuta ya sufuria papo hapo. Oda ziliongezeka.

Wiki ya pili malalamiko yalianza. Dada wa saluni alisema vidole vinakauka na kupasuka. Mama lishe mmoja, anayeosha vyombo tangu alfajiri hadi saa 9 alasiri, mikono ilibabuka kati ya vidole. Alipaka ndimu kwa kuwa ameambiwa ndimu inakata ukali wa sabuni, akalia kwa maumivu. Mama huyo aliongeza jambo moja ambalo hakuna aliyelitilia maanani: sufuria zake zimekuwa nyeusi.

Kikundi kikakutana. Wa kwanza alilaumu manukato, yakapunguzwa. Wa pili akasema glisirini haitoshi, ikaongezwa maradufu kwenye pishi la tatu. Wa tatu akasema ndimu, basi ndimu 12 zikakamuliwa kwenye ndoo hiyohiyo. Baada ya siku nne pishi hilo lilianza kunuka uchachu, na vipande vya nyama ya ndimu vikaota ukungu juu.

Hapo mwenyekiti akanipigia simu. "Mwalimu, mikono ya watu inababuka. Tumekosea wapi?" Nikasikiliza dakika mbili, nikasikia neno salfoniki, nikajibu kwa haraka kwamba huenda asidi imebaki, waongeze soda kidogo. Namshukuru Mungu kwamba siku hiyo funguo za stoo zilikuwa kwa mtu aliyesafiri. Kesho yake nilikwenda mwenyewe.

Uchunguzi

Nilipofika nilikuta kijana wa gereji, mtoto wa mmoja wao, ameleta chupa ya maji ya betri. Alikuwa amefika mbali kuliko mimi, kwa kuwa alishahisi kwamba soda imezidi na inahitaji asidi. Dawa aliyoichagua, hata hivyo, ingeweza kumpofusha mtu. Maji ya betri ni asidi ya salfuriki, karibu theluthi moja ya uzito wake, na huwezi kujua betri imeacha risasi kiasi gani humo. Nilimwomba arudishe chupa ilikotoka, nikamweleza sababu mbele ya wote ili asionekane amefukuzwa.

Kisha nikauliza swali nililopaswa kuliuliza kwenye simu: watumiaji wameona nini? Likatajwa tena lile la sufuria nyeusi. Nikamfuata mama lishe kibandani kwake. Sufuria za alumini zilikuwa zimefifia na kuwa na weusi kwa ndani. Bakuli za chuma cha pua na vyungu havikuwa na kitu. Alumini inalindwa na utando mwembamba wa oksaidi. Besi kali huula utando huo na kuacha madoa meusi. Asidi za jikoni hufanya kinyume, na mama lishe anajua hilo kuliko mimi, kwani sufuria iliyopikiwa ndimu au ukwaju hutoka inang'aa. Kwa hiyo jibu lilikuwa limekaa kibandani kwa wiki nzima. Sabuni hii haikuwa na asidi iliyobaki. Ilikuwa na besi.

Nilimwomba manjano. Kila aliyewahi kudondosha mchuzi wa pilau kwenye kanzu nyeupe ameona kwamba doa la njano likipakwa sabuni ya kipande linageuka jekundu, na likisuuzwa linarudi njano. Rangi iliyomo kwenye manjano hubadilika inapokutana na besi. Tukachanganya kijiko cha manjano na maji, tukachovya vipande vya karatasi nyeupe, tukavikausha juani. Sabuni ya pishi la zamani, kwenye chupa iliyosalia nyumbani kwa mwenyekiti, iliiacha karatasi njano. Ya mfuko mpya iliigeuza nyekundu ya matofali. Wanawake walisogea wakajaribu kwa mikono yao: magadi yakatoa nyekundu, majivu yaliyolowekwa nyekundu, siki njano, maji ya bomba njano.

Manjano hayasemi kwa kiasi gani. Siku iliyofuata nilileta kutoka maabara ya shule karatasi za pH, kipimo ambacho 7 ni katikati, chini yake ni asidi na juu yake ni besi. Sabuni ya zamani ilisoma kati ya 7 na 8. Mpya ilisoma 11. Kipimo cha pH huenda kwa kuzidisha mara 10 kila hatua, kwa hiyo kutoka 8 hadi 11 ukali umepanda mara 1,000.

Mwisho tukapima kikombe. Chini ya mfuko wa zamani kulibaki soda ya kutosha kikombe kimoja. Kwenye mizani ya duka la jirani ilikuwa gramu 165. Kikombe hichohicho, soda mpya, kimepigwa mstari juu vilevile: gramu 310.

Kukawa kimya kidogo pale dukani.

Chanzo

Soda ashi huuzwa kwa aina mbili, nyepesi na nzito. Zote ni sodiamu kaboneti. Ile nzito huandaliwa kwa kuilowesha ile nyepesi ili punje zijipange upya, kisha inakaushwa; punje zinakuwa kubwa na zilizoshiba, hivyo kikombe kimoja kinabeba karibu mara mbili ya uzito. Wenye viwanda vya vioo huipenda kwa kuwa haitimki vumbi. Muuzaji hakudanganya. Daftari lao ndilo lililoandika "kikombe 1" mahali palipotakiwa kuandikwa gramu.

Hesabu yenyewe ni fupi. Salfoniki kilo 1 huhitaji takriban gramu 160 hadi 180 za soda ashi ili asidi yote imalizike. Kikombe cha zamani kilikuwa kinaangukia hapo, kwa bahati ya mfuko wa kwanza. Kikombe kipya kiliacha takriban gramu 140 za soda isiyo na wa kumalizana naye, kwenye kila ndoo. Ndiyo maana mapovu yalikatika katikati, kwa kuwa asidi ilikuwa imeisha na soda ikaendelea kuingia.

Wanaolima wanalijua tatizo hili kwa jina lingine. Debe linapima nafasi, na anayejaza debe ndiye anayeamua uzito. Ndiyo vita yote ya lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo. Nilipolitaja hilo, mwenyekiti, ambaye amewahi kuuza mahindi, alielewa kabla sijamaliza sentensi.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kusimamisha mauzo na kurudisha chupa. Ulileta ubishi. Wengine walitaka kuwaambia wateja waongeze maji tu. Nilipinga, na hapa kemia inahitaji uangalifu. Ukiichanganya sabuni hiyo na maji mara 10, pH itashuka kidogo sana, kwa sababu kaboneti iliyobaki ni akiba kubwa inayoendelea kuutunza ule ukali. Mtu mwenye mikono kwenye beseni saa nane kwa siku haokolewi na maji kidogo. Walipiga simu kwa wateja mmoja mmoja na kusema wazi kwamba pishi lilikosewa. Zaidi ya nusu ya lita 40 zilizouzwa zilirudi.

Wa pili ulihusu mikono ya watu. Ushauri ulikuwa maji mengi yanayotiririka, mafuta ya kupaka yasiyo na manukato, kupumzika na sabuni yoyote kwa siku kadhaa, na zahanati kwa yule aliyebabuka. Hakuna ndimu, hakuna siki. Kumaliza besi kwa asidi ni kazi ya ndoo. Kwenye ngozi iliyochubuka, asidi inaongeza jeraha juu ya jeraha, na ikikutana na besi kali hutoa joto juu yake.

Wa tatu ulikuwa kuokoa pishi la nne, ambalo halikuwa limeguswa. Tulifikiria asidi ya sitriki ya unga. Ingefanya kazi, lakini ingeacha chumvi nyingine ndani ya sabuni, na chumvi nyingi hugeuza uzito wake, yaani jinsi inavyomiminika. Tukachagua salfoniki yenyewe, kwa kuwa chochote itakachomalizana nacho kitakuwa sabuni. Pishi liligawanywa kwenye ndoo mbili zilizojaa nusu, uani, watu wamevaa glavu na miwani. Salfoniki iliingia kijiko kwa kijiko, na karatasi ya pH kila baada ya gramu 100.

Mwanzoni mapovu yalikuwa machache, wakaogopa kwamba asidi ni mbovu. Niliwaeleza kwamba kaboneti humalizana kwa hatua mbili. Kwanza hupokea haidrojeni moja na kuwa bikaboneti, kimya kimya. Ikipokea ya pili ndipo inapovunjika na kutoa hewa. Tulipofika karibu nusu ya safari mapovu yakaamka na kupanda hadi shingoni mwa ndoo. Jumla iliingia takriban gramu 830. Karatasi ikasoma kati ya 7 na 8. Wakaongeza slesi na maji, na lita 20 zikawa karibu 36.

Pishi la ndimu lilimwagwa. Lilishaoza, na hakuna asidi wala besi inayofufua kitu kilichooza.

Matokeo

Mikono ya dada wa saluni ilipona ndani ya wiki mbili. Ya mama lishe ilichukua zaidi, naye hakurudi kununua kwa miezi miwili. Aliporudi alidai sabuni ijaribiwe kwa manjano mbele yake kabla ya kulipa. Saluni moja haikurudi kabisa. Kikundi kilichelewa rejesho moja la mkopo wa halmashauri. Kimenunua mizani ndogo ya kidijitali na kuandika upya daftari kwa gramu.

Uchambuzi

Kilichosaidia kuliko vyote ni masalia: gao la soda chini ya mfuko wa zamani na chupa moja ya pishi zuri. Bila hivyo tungebaki kubishana. Ningependa kila kikundi kihifadhi chupa ndogo ya kila pishi, yenye tarehe, hata kama haina kazi leo.

Kilichotuumiza kuliko vyote, kwa maoni yangu, si kikombe. Kikombe ni kosa la daftari. Kibaya zaidi ni kwamba ishara nne zilijitokeza zenyewe na zote zikapitwa: punje ngeni, mapovu yaliyokatika, utelezi uliozidi, sufuria nyeusi. Utelezi ule ambao wateja waliusifu ulikuwa, kwa sehemu, mafuta ya ngozi zao wenyewe yakishambuliwa na besi. Aliyeona mapovu alikuwa mdogo kuliko wote. Aliyeona sufuria alikuwa mteja. Aliyeona punje aliuliza, lakini swali lake likaishia kwenye jina la bidhaa.

Ndimu 12 zinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu wazo lake lilikuwa sahihi. Ndimu ni asidi, sabuni ilikuwa na besi. Lakini juisi ya ndimu 12 ingeweza kumaliza takriban sehemu moja ya kumi tu ya soda iliyozidi. Zingehitajika zaidi ya 100. Hapa ndipo wanafunzi wangu pia huanguka. Ukali na wingi ni vitu viwili. Karatasi ya pH inakuambia ukali wa sasa, wala haikuambii ni soda kiasi gani imejificha nyuma yake. Na kubadilisha manukato, glisirini na ndimu kwa mpigo kulifanya pishi la tatu lisiweze kutufundisha lolote.

Kosa langu kwenye simu lilitoka kwenye imani ileile ya wanakikundi. Nilisikia mikono inababuka, nikafikiri asidi. Nimefundisha kwa miaka mingi kwamba besi kali huharibu ngozi, tena huzama ndani kwa kuwa huyeyusha mafuta na protini njiani, na bado mdomo ulitamka asidi kwanza. Kama stoo ingekuwa wazi, ushauri wangu ungeongeza soda kwenye soda.

Chupa za maji nazo zilizungumzwa, ingawa hazikuhusika na mkasa huu. Sabuni yenye pH 11, isiyo na rangi kali, ndani ya chupa ambayo mtoto ameizoea kuinywea, ni jambo ambalo sikuweza kuondoka bila kulisema. Wamehamia kwenye madumu madogo yenye lebo.

Hali ilivyo sasa

Mizani haijamaliza kila kitu. Soda ashi inayokaa wazi hewani pwani hunyonya unyevu, hivyo gramu 170 za mfuko wa miezi sita si sawa na gramu 170 za mfuko mpya. Kwa hiyo wanapima gramu kwanza, wanaacha gao la mwisho la maji ya soda pembeni, wanachovya karatasi, ndipo wanaamua liingie au lisiingie. Kazi hiyo amepewa yule msichana aliyeuliza mbona haichemki. Hubandika kila karatasi kwenye daftari kando ya tarehe ya pishi, na nilipopita wiki iliyopita kurasa mbili nzima zilikuwa za kijani, isipokuwa moja ya buluu, ambayo ameizungushia kalamu na kuandika chini yake: "Hili hatukuuza."